Anko Viungo Anajibu: Mama Mnamfanyia Kila Kitu, Mkono Utaamkaje?

Meseji zimekua nyingi mwezi huu mpaka simu inagoma, na karibu zote zinaanza na "shikamoo dokta". Jamani mi sio dokta. Mi ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, nimesomea Moshi na nimezeekea kazini. Daktari anapasua, fundi wa viungo bandia anatengeneza mguu, mtu wa tiba kwa vitendo anakufundisha kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, alafu ndo tunakuja sisi wa kukusimamisha. Wizara siku hizi inatuita wote "huduma za utengamao", jina limependeza, ila mtaani bado ni "wale wa mazoezi" na mi sina shida nalo. Tuanze.

*Shikamoo Anko. Mama yetu ana miaka 61, alipata kiharusi mwezi wa tatu, upande wote wa kushoto ukalala. Hospitali walitufundisha mazoezi kidogo wakamruhusu. Mguu umeanza kuitika, anasimama akishikwa, ila mkono hamna kitu na bega linamuuma mpaka usiku analia. Tunamkanda na maji ya moto asubuhi na jioni, na kuna mzee anakuja Jumamosi kumvuta mkono ili mishipa ifunguke. Tuko mabinti watatu tunapokezana, hatumuachi ahangaike na chochote, tunamlisha tunamuogesha tunamvalisha. Tunakosea wapi? — Binti mkubwa, Tandika*

Marahaba binti, na poleni sana na kuuguza. Naanza na bega kwasababu ndo linalomnyima usingizi. Huyo mzee wa Jumamosi mpeni chai, mshukuruni, na mkono asiuguse tena. Chukua chungwa uliweke juu ya kisosi kidogo, hivyo ndivyo bega la binadamu lilivyokaa, kinachofanya chungwa lisidondoke sio kisosi, ni misuli iliyolizunguka, na kiharusi kimeizima hiyo misuli kwahiyo mkono wote unaning'inia kwa uzito wake wenyewe. Mpapase mama juu ya bega la kushoto utakuta kijishimo kinachoingia kidole. Sasa mtu akija kuvuta hapo anatanua kile ambacho kimeshatanuka, na maumivu ya usiku mengi yanatokea hapo. Na nyie wenyewe nina uhakika mkimnyanyua kitandani mnamshika kwapani au mnamvuta mkono, mmoja huku mwingine kule. Acheni. Mfungeni leso kiunoni, ifungwe imara, mnyanyueni kwa kushika leso.

Akikaa, mkono wa kushoto uwe juu ya mto au juu ya meza mbele yake, usiachwe ukining'inia pembeni ya kiti. Akisimama au akitembea mnaweza kuubeba mkono kwa kanga shingoni, ila akikaa tu fungueni, maana mkono ukishinda umefungwa unajikunja na kukakamaa hivyo hivyo.

Maji ya moto: kukanda kunatuliza, siwezi kusema ni vibaya, ila upande ule unaweza kuwa na ganzi na asisikie anaungua. Nimeshaona malengelenge ya mtu aliyekandwa kwa mapenzi kabisa na mwanae. Pima maji kwa kiwiko chako wewe, sio kwa kumuuliza yeye.

Alafu kuna jambo kubwa zaidi. Kiharusi hakiko mkononi, kiko kichwani. Mkono wa mama ni mzima, mfupa mzima, misuli mizima, ila sehemu ya ubongo iliyokua inautuma imeharibika na sehemu nyingine inabidi ijifunze hiyo kazi, na ubongo haujifunzi kwa kukandwa, unajifunza kwa kufanya. Kwa kurudia rudia mara mia na mia tena mpaka mtu anachoka. Sasa nyie mabinti watatu kwa upendo wenu mmemuondolea mama kila kitu cha kufanya, huo mkono utajifunzia wapi? Nikiandika kwamba mnamlemaza mtanichukia lakini ndo nilivyoona kwenye nyumba nyingi, nyumba yenye watu wengi wa kusaidia mgonjwa anakaa kitandani miezi, na nyumba ya mama mmoja asiye na msaidizi mgonjwa keshafika mlangoni.

Kesho asubuhi mpeni ungo wa mchele achambue. Mkono wa kulia uchambue, wa kushoto ulazwe juu ya ukingo wa ungo uushikilie, hata kama ni nyie mmeuweka hapo. Akipaka mafuta, aanze na mkono wa kushoto aupake mwenyewe. Kuvaa gauni uanze mkono mgonjwa, kuvua uanze mzima. Itachukua dakika ishirini mahali ambapo nyie mngetumia mbili, na hizo dakika ishirini ndo mazoezi yenyewe.

Na kusimama. Kiti kigumu kisicho na matairi kiegemee ukuta, miguu airudishe nyuma kidogo chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu ndo anyanyuke, mmoja wenu asimame upande wa kushoto. Mara kumi, apumzike, na hivyo hivyo mara tatu au nne kwa siku. Watu wanadharau hili zoezi kwasababu halina mashine, ila mtu asiyeweza kunyanyuka kwenye kiti hata choo kinamshinda.

Kitu kingine muangalie. Waliolala upande wa kushoto wengine wanausahau kabisa huo upande, sio macho, ni ubongo haujali tena kama upo. Kuna bibi mmoja alikua analalamika kila siku kwamba mkwe anampunjia chakula, kumbe sahani ilikua inarudi nusu ya kulia imefagiliwa safi na nusu ya kushoto ugali umekaa vile vile na dagaa zake, nikaizungusha sahani mbele yake akasema "ee, mmeniongezea". Kama mama ana dalili hiyo, kaeni kushoto kwake, ongeeni kutokea kushoto, kikombe kiwekwe kushoto. Mlazimisheni kwa upole ageuke.

Mtaambiwa pia miezi sita ikipita ndo basi. Sio kweli. Miezi mitatu ya mwanzo ndo mambo yanaenda kwa kasi, baada ya hapo yanaenda polepole ila yanaenda, mradi asiache. Na dawa za presha asiache hata siku moja, kiharusi cha pili hua hakina huruma. Akipaliwa kila akinywa maji rudini hospitali wamuangalie anavyomeza, msisubiri kliniki ijayo.

*Mambo Anko. Mi dereva boda wa Morogoro, nina 24. Nilipata ajali mwezi wa pili nikakatwa mguu wa kulia juu ya goti, kidonda kimefunga vizuri. Kinachonichanganya, kidole gumba cha mguu ambao haupo kinaniuma kama mtu anakipinda, usiku zaidi. Mama anasema mguu ulizikwa vibaya anataka twende tukaombewe. La pili nimeambiwa mguu bandia nisubiri, nasubiri nini wakati kidonda kimepona? La tatu nilikua nacheza mpira namba saba, ndo basi tena?*

Pole mdogo wangu, na huna kichaa. Kichwani kuna ramani ya mwili mzima na mguu wako bado umechorwa pale, hakuna aliyeufuta. Ubongo unatuma ujumbe kidoleni, hakuna jibu linalorudi, unatuma tena kwa nguvu na wewe unasikia maumivu. Waliokatwa viungo wengi sana wanapitia hiyo kitu, wengine inawasha badala ya kuuma, wengine wanasikia mguu umekunjwa hauwezi kunyooka. Kama mama anataka maombi aende, maombi hayagombani na haya ninayokwambia: papasa na ugonge gonge kigutu kwa mkono mara nyingi kwa siku, kwa taulo laini alafu kwa kitambaa cha kukwaruza kidogo, ubongo upate habari mpya kutoka pale mguu unapoishia sasa. Jaribu na kioo. Kaa kitandani umenyoosha mguu mzima, simamisha kioo kirefu katikati ya mapaja, kigutu kiwe nyuma ya kioo usikione, sasa angalia kioo huku unachezesha mguu mzima taratibu, vidole juu, vidole chini. Utaona miguu miwili. Ramachandran, daktari wa mishipa ya fahamu kule Marekani, ndo alileta hiyo mbinu miaka ya 1990 akianzia na watu wa mikono, na mpaka leo tunaitumia maana ni bei ya kioo tu. Haimsaidii kila mtu, ila dakika kumi na tano kila siku kwa wiki kadhaa hazikupunguzii kitu. Ikishindikana mwambie daktari maneno haya haya, "kidole ambacho hakipo kinaniuma", atakupa dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, panadol hapo utameza mpaka uchoke.

Unasubiri nini? Unasubiri kigutu kipate umbo. Saa hizi kimevimba na kila wiki kinapungua, fundi akikupima leo, mwezi ujao mguu unazungukia pajani kama ndoo kwenye fimbo. Kazi ya kukifanya kipungue ni yako. Bendeji ya kuvutika, uifunge kwa mtindo wa namba nane, ibane zaidi mwishoni na ilegee kadri unavyopanda kuelekea nyonga, ifunguliwe na kufungwa upya mara kadhaa kwa siku maana inateleza. Usiizungushe duara duara kama unafunga mzigo, itakukaba katikati na mwisho utavimba kama balbu.

Na hapa niwe mkali. Usiweke mto chini ya kigutu. Najua unapata nafuu na najua mama ndo anauweka. Ukishinda na mto pale, au ukishinda umekaa kitandani na simu, nyonga inakunjika inabaki imekunjika, siku ya mguu bandia utasimama umeinama kama mtu anatafuta shilingi iliyodondoka. Lala kifudifudi, tumbo chini, nusu saa mara mbili kwa siku, kigutu kimenyooka sambamba na mwenzake. Hiyo ndo dawa, na ni ya bure, na vijana hawaifanyi.

Mguu wenyewe utatengenezewa hospitali kama MOI au CCBRT pale Dar, au KCMC Moshi ambapo kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981 na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Watakufunga hogo, ile plasta nyeupe inayokauka ngumu, kwenye kigutu kupata umbo, kutokana na hilo wanatengeneza kikombe kinachoingia kigutu chako wewe na sio cha mwingine, kwahiyo usikubali yule jamaa atakayekwambia anao mguu wa marehemu mjomba wake anakuuzia laki. Na ujue mguu wa juu ya goti unachosha, mwanzo utatoka jasho kwa hatua ishirini. Ni kawaida. Usiku unavuliwa, kigutu kinaoshwa na sabuni kinakaushwa, kinaangaliwa kama kuna wekundu.

Sasa namba saba. Wewe hujawasikia Tembo Warriors? Timu ya taifa ya Tanzania ya mpira wa watu wenye ulemavu wa viungo, 2022 walienda Kombe la Dunia Istanbul wakafika robo fainali, wakatolewa na Angola. Wachezaji saba kila upande, wa ndani wote wanacheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, kipa ndo mwenye mkono mmoja. Mguu bandia unavuliwa nje ya uwanja, kwahiyo kwa mpira huna haja hata ya kuusubiri. Dakika ishirini na tano kila kipindi, na gongo ukiligusisha mpira makusudi ni faulo kama umeshika na mkono. Waliocheza wanasema miezi ya mwanzo sio mguu unaouma, ni viganja na mabega.

Kwahiyo anza na magongo. Yale ya kwapani uliyopewa hospitali usiyaegemee na kwapa, uzito ubebwe na viganja, kwapa na gongo viachane vidole viwili vitatu. Ukining'inia kwa kwapa miezi mshipa wa fahamu unabanwa na kiganja kinalala, nilishampokea kijana wa mguu akawa mgonjwa wa mikono. Tafuta ya kiwiko, yale yenye pete ya kushika mkono, ndo ya mpira. Mkoani uliza afisa michezo timu iko wapi. Kama haipo, vijana waliokatwa kwa ajali za boda pale Moro mnatosha kuunda mbili, nasema kwa uchungu.

*Anko goti langu la kulia limeisha, fimbo nishike mkono gani? Mume wangu anasema kulia. — Mama Ilala*

Kushoto mama. Mwambie baba nimesema mimi. Fimbo inatoka pamoja na mguu mbovu, unakanyaga vyote viwili kwa pamoja, uzito unagawanyika. Ukishika upande wa goti bovu unalielemea zaidi na unatembea kama jahazi kwenye upepo. Urefu wake: simama na viatu, mikono ilegee pembeni, kishikio kifike kwenye mstari wa kifundo cha mkono. Ngazi, unapanda na mguu mzima kwanza, unashuka na mbovu kwanza. Na mpira wa chini ya fimbo ukiisha ununue mwingine, sakafu ya vigae haina mchezo.

*Dokta habari za kazi. Mtoto wangu ana miaka miwili na nusu, alizaliwa hakulia, wameniambia ana mtindio wa ubongo. Hakai, shingo inayumba, miguu inapishana kama mkasi. Baba yake ameshaondoka. Bibi yake huku Muheza anataka tuchimbe shimo tumfukie mpaka kiunoni asimame apate nguvu ya miguu, anasema wengi wamepona hivyo. Mazoezi ni mbali nauli sina kila wiki. Nifanyeje? — Mama D*

Mama D, kwanza sio laana na sio wewe. Mtoto aliyechelewa kulia anaweza kua amekosa hewa, ubongo ukaumia. Wengine ni manjano kali ya siku za mwanzo, wengine homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Huyo baba kama aliondoka kwasababu ya maneno ya watu basi maneno yenyewe ni uongo.

Sasa nikwambie kitu kuhusu bibi. Usimcheke. Wazo lake ni zuri, mtoto asiyesimama anatakiwa asimamishwe, mifupa ya nyonga inajengeka kwa kubeba uzito, na sisi hospitali tunachofanya ni hicho hicho, tunamsimamisha kwenye fremu ya mbao amefungwa mikanda. Bibi kaona shimo, sisi tumeona fremu. Shida ya shimo ni kwamba shingo haina kitu cha kuishika, miguu imebanwa imepishana vile vile, nyonga inaumia, mchanga unachubua, na mtoto analia mpaka anakakamaa zaidi. Mtu wa mtindio akiogopa au akilia misuli inakaza. Mwambie bibi tunachukua wazo lake, shimo tunaliacha.

Badala yake mpe bibi kazi ya maboksi. Hii ilianzia Zimbabwe zamani kidogo, kutengeneza viti vya watoto kwa karatasi na maboksi, na nimeona vikikaa miaka. Kusanya maboksi ya mafuta na ya sabuni dukani, pika gundi ya unga wa ngano iwe nzito kama uji wa mgonjwa, bandika boksi juu ya boksi kwa tabaka mpaka upate ubao mnene kama vidole viwili, weka mawe juu yake usiku kucha, kausha juani siku kadhaa, na hapa msiharakishe, likibaki na unyevu ndani litavunda. Ukate kuta mbili uziunganishe ziwe pembe kama kona ya chumba, mgongo wa mtoto unaingia humo, mabega yanakuja mbele, anashindwa kujirusha nyuma. Kikalio, ubao mdogo katikati ya mapaja kutenganisha ule mkasi, na kimeza mbele cha mikono. Bandika vipande vya gazeti juu yote, paka rangi ya mafuta. Ukienda kliniki hiyo mara moja kwa mwezi nenda nacho, fizio akupimie upana na akwambie wapi pa kupunguza.

Kingine unacho tayari: mbeleko. Mbebe mgongoni miguu ikiwa imetanuka kiunoni kwako, kila siku, ni mazoezi mazuri ya miguu ya mkasi kuliko mengi ninayoyajua. Usimbebe kifuani amelala kama kichanga, ndo anajinyoosha kama ubao.

Na uji. Mnamlaza kichwa nyuma mnamimina, nakisia tu lakini nimeona nyumba nyingi. Uji unaingia kifuani, anapata nimonia, watu wanasema mtoto dhaifu. Mkalishe, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani, kijiko kitokee mbele na chini sio juu, kidogo kidogo, usubiri ameze. Mlo utachukua nusu saa.

Hukuuliza atapona lini ila najua umeandika ukafuta. Jeraha la ubongo haliondoki, ila pia haliongezeki. Kinachoongezeka ni misuli kufupika kama hachezeshwi, na hapo ndo wewe na bibi mnaingia. Na kama Muheza kuna mama wengine wawili watatu wenye watoto hivi, na lazima wapo wamefichwa ndani, changeni nauli mmoja aende akajifunze awarudishie wengine.

*Anko mimi natumia kiti mwendo miaka minne tangu nidondoke kwenye mnazi, kiuno kushuka chini sisikii. Kiti nilipewa msaada, kipana, cha hospitali, magurudumu ya mbele madogo yanazama kwenye mchanga. Mwezi huu nimeona damu kwenye suruali, kuna kidonda kalioni. Nimeweka tyubu ya gari nakalia. Na mkopo wa halmashauri naupataje? — Fundi viatu, Pangani*

Kaka, viatu vya watu vitasubiri. Toa hiyo tyubu leo hii. Tyubu inabana damu duara zima na katikati pananing'inia, kidonda kinakula ndani. Kidonda cha mgandamizo unachoona kwa nje ukubwa wa shilingi mia kwa ndani kinaweza kuwa kama ngumi, na wewe husikii kwahiyo hakuna wa kukushtua. Shuka kwenye kiti, lala kifudifudi, ushonee humo humo kama ni lazima, nimemuona fundi mmoja anashona viatu amelalia tumbo juu ya godoro na mito kifuani na biashara inaenda. Nenda hospitali wakikague. Ukisikia homa au kidonda kinanuka usisubiri kupambazuke.

Kikipona, na kitachukua wiki nyingi, sheria ni moja: kila nusu saa jinyanyue au lala mbele kifua kwenye mapaja, alafu egemea kushoto, egemea kulia, dakika moja moja hivi, damu ipite. Wewe unashona, sema kila nikimaliza soli moja nainama. Jioni kioo kidogo cha kunyolea, angalia makalio na visigino. Mto wa sponji nzito unene wa vidole vinne, ukibonyea ukabaki umebonyea umekufa, badilisha.

Kiti hakipewi tu kama fulana ya kampeni, kinapimwa kama suruali. Upana, urefu wa paja, kimo cha mahali pa miguu. WHO walitoa mwongozo wa hilo 2008 na bado viti vinashushwa kwenye makontena saizi moja kwa wote. Kwa mchanga wa Pangani unataka kile cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele moja kubwa na liko mbali, hakizami na hakipinduki ovyo, na matairi yawe ya baiskeli ya kawaida ili fundi baiskeli wa hapo hapo azibe pancha.

Kwenye kibanda chako: ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8 ndo upande mwenyewe bila kusukumwa. Watu wanaweka ubao wa futi tatu wanasema wamekuwekea njia, huo ni wa kukurushia mgongoni.

Kuhusu mkopo ulioulizia mwishoni: zile asilimia kumi za mapato ya halmashauri zinazotolewa mkopo, mbili ni za watu wenye ulemavu, nne wanawake na nne vijana. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, wewe una ujuzi mkononi tayari, wengi wanaenda na wazo tupu.

Nilikua nimefunga ukurasa, binti wa Tandika kaandika tena. Anasema Anko umetuweka pabaya, yule mzee wa kuvuta mkono ni mjomba, mdogo wake mama wa kufuatana, amepanda daladala mbili kila Jumamosi tangu mwezi wa tatu na hajawahi kukosa, sisi tutamwambiaje asije? Ah. Basi aje. Akae kushoto kwa dada yake, amuwekee mkono mezani, na kazi yake iwe kumhesabia kusimama, kumi asubuhi kumi mchana. Mkimwambia ni Anko kasema na kwamba lazima ahesabu kwa sauti, ataona bado anatibu.